Kicheko katika Mighani ya Shujaa: Kumsimulia Fumo Liyongo kwa Watoto wa Bara

Katika mighani ya Fumo Liyongo mna tukio moja dogo ambalo vitabu vya shule aghalabu hulipita mbio. Liyongo yumo kifungoni Pate, akingoja kuuawa. Mama yake humpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi Saada, lakini walinzi hula kila kilicho kitamu na kumwachia mfungwa makombo. Ndipo Liyongo anapomwagiza Saada, kwa beti za wimbo, amwambie mama aoke mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani yake. Mkate unafika mlangoni. Walinzi wanautazama, wanaudharau, wanauacha upite. Tupa inaingia gerezani kwa sababu wenye kulinda gereza ni walafi.

Tukio hili linachekesha. Lilichekesha, bila shaka, miongoni mwa watu waliomsimulia Edward Steere kisa hiki kule Unguja, naye akakichapisha katika mkusanyo wake wa hadithi za Kiswahili mwaka 1870; na halikupoteza ladha yake Muhammad Kijumwa wa Lamu alipokitungia utenzi mwaka 1913. Hata hivyo, mtoto anayekutana na Liyongo darasani leo hukutana na mtu mwingine: jabali la shujaa lisilotabasamu, mfano wa ujasiri, jina la kukariri kwa ajili ya mtihani. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kicheko kilivyofumwa ndani ya mighani yenyewe, na ni mambo gani hayana budi kuangaliwa na mwandishi anayetaka kuisimulia upya, kwa ucheshi, kwa wasomaji wachanga ambao hawakulelewa na pwani.

Yafaa kwanza kumweka msomaji huyo mahali fulani, maana neno "watoto" peke yake halimsaidii mwandishi. Tuseme yuko Chepsaita, kijiji cha eneo la Turbo katika Kaunti ya Uasin Gishu, upande wa Eldoret. Hiyo ni nchi ya mahindi na ng'ombe wa maziwa, na siku hizi inasifika kwa mashindano yake ya mbio za nyika. Lugha ya nyumbani huko aghalabu ni Kinandi. Kiswahili mtoto hukipata kwa wingi shuleni, na hukipata kikiwa kimevaa sare. Bahari hajaiona. Mkoma haujui, wala gungu, wala Kiamu cha utenzi. Akipewa beti za Kijumwa kama zilivyo, hata katika chapa nzuri iliyohaririwa na Abdilatif Abdalla na kutolewa Dar es Salaam mwaka 1973, atahitaji mwalimu pembeni yake kwa kila mstari, na mzaha unaohitaji kufafanuliwa umekwisha kufa kabla ya kufika. Kwa hiyo nathari ya watoto ni ya lazima, na Bitugi Matundura ameonyesha katika Mkasa wa Shujaa Liyongo kwamba kisa hiki chaweza kubebwa na nathari ya namna hiyo. Swali linalobaki ni la sauti: nathari hiyo izungumze kwa uso gani?

Kosa la kwanza linalomnyemelea mwandishi ni kudhani kwamba ucheshi ni kitu cha kuongezwa, kama chumvi, juu ya hadithi ambayo kwa asili yake ni nzito. Dhana hii ina chanzo chake. Wasomi wengi wa Afrika ya Mashariki walikutana na habari za mashujaa wa enzi za kati kwa njia ya vitabu vya Kiingereza, na katika fasihi hiyo kicheko kilichelewa kweli. Thomas Malory aliyakusanya masimulizi ya Mfalme Arthur na waungwana wake wapanda farasi katika kitabu kilichopigwa chapa na William Caxton mwaka 1485, na ndani yake wanaume hao huuana na kulia zaidi kuliko wanavyocheka. Cervantes, huko Uhispania, alipotoa Don Quijote kwa sehemu mbili mwaka 1605 na 1615, alikuwa akiwacheka mashujaa hao kutoka nje, au tuseme alimcheka mtu aliyewasoma kupita kiasi. Mark Twain naye mwaka 1889 alimpeleka fundi wa Kimarekani katika baraza la Arthur ili awaaibishe kwa mashine na akili za kisasa. Ni T. H. White, katika The Sword in the Stone ya mwaka 1938, aliyepata njia ya tatu: alimfanya Arthur kuwa mtoto, akampa mwalimu mchawi anayeishi maisha yake kinyumenyume kutoka mwisho kwenda mwanzo, na kicheko kikawa cha mapenzi, si cha dharau.

Njia hizo zote ni za watu waliorithi hadithi isiyocheka. Mwandishi wa Kiswahili hakurithi hadithi ya namna hiyo. Akiiga njia ya Twain, kwa mfano akimpeleka kijana wa leo mwenye simu ya mkononi katika mji wa Pate, atakuwa anamcheka Liyongo kwa niaba ya watu wengine, tena kwa mzaha wa kuazima. Hata neno lenyewe linaonya. Kiswahili hakina jina la yule muungwana wa Ulaya aliyevaa chuma na kupanda farasi. Liyongo hana farasi. Anakwenda kwa miguu. Fumo ni mkuki, na pia ni cheo cha mtawala. Zama zake zenyewe zinabishaniwa na wanazuoni, wengine wakimweka kabla ya karne ya 13 na wengine wakimsogeza hadi karne ya 16 au 17; lakini popote awekwapo, shujaa huyu amefika akiwa na upinde mkononi na shairi mdomoni, na watu wa maadui zake wakikimbia kwa namna ya kuchekesha.

Kicheko hicho kimejengwa juu ya nguzo gani? Ya kwanza ni chuku. Katika utenzi, Liyongo anaitwa Pate ili wageni wamwone. Safari inayomchukua mtu wa kawaida siku kadhaa yeye huimaliza kwa siku moja. Akikaribia mji anapiga baragumu kwa pumzi yake, mji mzima unashtuka, na hatimaye baragumu lenyewe linapasuka. Kisha anatua mkoba wake na kumwaga vilivyomo: kinu na mchi, jiwe la kusagia, vyungu, mafiga. Mtu amekwenda safarini na jiko zima begani! Hapa utenzi hausemi tu kwamba Liyongo alikuwa na nguvu. Unamwonyesha akitoa kitu kimoja baada ya kingine, kama mwanasesere wa soko, mpaka msikilizaji hana budi kucheka kabla ya kuogopa. Orodha ndiyo mzaha. Mwandishi anayefupisha mahali hapa na kuandika kwamba "alibeba mizigo mizito" ameokoa mistari mitatu na kupoteza sura nzima.

Mtoto wa Chepsaita atakuwa hakimu mkali wa jambo moja katika chuku hii, nalo ni mwendo. Amekulia mahali ambapo watu huondoka alfajiri kukimbia masafa marefu na kurudi kabla ya chai, na majirani huzungumzia dakika na sekunde kama wengine wanavyozungumzia bei ya mahindi. Kumwambia kwamba Liyongo alikuwa na mbio hakumtishi. Lakini kumwambia kwamba alikuwa na mbio huku akibeba kinu, hilo atalipima kwa mwili wake mwenyewe, na kicheko chake kitakuwa cha mtu anayejua uzito wa jambo. Msimulizi mzuri wa Lamu hakuwafikiria watu wa Uasin Gishu. Chuku yake, hata hivyo, imewafikia.

Nguzo ya pili ni ya ndani zaidi. Katika ngano za Waafrika wa sehemu hizi, za pwani na za bara, akili hukaa katika mwili mdogo. Sungura humshinda tembo. Fisi, kwa tumbo lake, hudanganywa kila mara. Mtoto wa Kinandi hahitaji kufundishwa jambo hili, maana hadithi za wanyama wajanja zimo katika jadi ya Wanandi, na baadhi yake zilikwisha kuandikwa na A. C. Hollis katika kitabu chake juu ya Wanandi cha mwaka 1909. Sasa Liyongo anakuja na kuvunja kanuni hiyo. Ni jitu kwa kimo, lakini mawazo yake ni ya sungura. Maadui zake, ambao ni watu wa kimo cha kawaida, wenye sultani na majeshi, ndio wanaofanya kazi ya fisi.

Tazama kisa cha makoma. Watu walikula kikoa, yaani kila mmoja akitoa chakula kwa zamu, na wakapanga kwamba siku ya makoma kila mtu apande mkoma kwa zamu yake kuangua. Liyongo atakapokuwa juu, mikono yake imeshika mti, watampiga mishale. Ni hila nzuri, haina tundu. Zamu ya Liyongo inafika. Hapandi. Anasimama chini, anavuta upinde wake, na anaangusha makoma kwa mshale. Hakuna aliyemwambia kwamba ni lazima kupanda! Mishale iliyoandaliwa imebaki mikononi mwa wenyewe, na walioiandaa hawana la kufanya ila kuokota matunda. Mtoto anayejua hadithi za sungura atalitambua tukio hili mara moja, na mshangao wake utatokana na kumwona sungura aliye na urefu wa mti.

Ikiwa ndivyo, basi kanuni ya kwanza ya msimulizi ni hii: asimcheke Liyongo, awaache maadui zake wajichekeshe wenyewe. Ili kuonyesha tofauti, na tuutazame tena mkate wa wishwa. Kwa lugha ya vitabu vingi vya shule tukio hilo lingeandikwa hivi:

"Liyongo alipokuwa kifungoni, mama yake alimpelekea mkate uliofichwa tupa. Liyongo alikata minyororo yake akatoroka. Hivyo alidhihirisha ujasiri na werevu wake."

Hapana kosa la sarufi hapo, wala hapana mtoto atakayeusoma mara ya pili. Ufuatao ni mfano uliotungwa kwa ajili ya makala haya:

"Saada alifika mlangoni na kapu lake. Mlinzi wa kwanza akafunua, akaona wali. 'Wali huu ni mzito kwa mfungwa,' akasema, akaula. Kesho yake mlinzi wa pili akafunua, akaona kuku. 'Kuku huyu ana mifupa, mfungwa atakabwa,' akasema, akamla, na mifupa akaitafuna. Walinzi hao walimhurumia sana Liyongo, hata wakanenepa. Siku ya nane Saada akaja na mkate wa wishwa. Mlinzi wa kwanza akaunusa, akampa wa pili. Wa pili akaunusa, akamrudishia wa kwanza. 'Mpelekee mwenyewe,' wakasema kwa pamoja. 'Sisi si watu wa kumnyima mfungwa chakula chake.'"

Liyongo hatajwi kwa sifa hata moja katika kifungu hiki, naye hayupo mbele ya macho. Msimulizi anajifanya kuwasifu walinzi, na kejeli hiyo mtoto wa miaka kumi anaiweza kabisa, kwa kuwa husikia nyumbani namna kama hiyo ya kusifu mtu kwa kinyume. Takriri ya kufunua, kusema na kula ni ya ngano. Msamiati ni wa kawaida, isipokuwa neno moja, wishwa, na hapa yafaa kusimama kidogo. Mhariri wa bara atataka kuandika "pumba". Katika shamba la mahindi pumba ni chakula cha ng'ombe, kwa hiyo dharau ya walinzi itaeleweka haraka, pengine hata kuzidi ilivyo pwani. Lakini wishwa ni neno la mighani, nalo ni Kiswahili sanifu. Kulifuta ni kumnyima mtoto alichokuja kukitafuta. Njia iliyo bora ni kuliacha neno na kumpa mlinzi ulimi wa kulieleza: amwulize Saada kama mkate huo aliuiba zizini. Hapo neno limefundishwa na mzaha umeongezeka, na hapana haja ya orodha ya maneno magumu mwishoni mwa kitabu.

Neno jingine ambalo wahariri hupenda kulilainisha ni "kijakazi". Katika kutaka kumlinda mtoto, Saada hugeuzwa kuwa "msichana wa kazi". Kwa msomaji wa Eldoret msichana wa kazi ni mtu aliyeajiriwa, mwenye mshahara na siku ya mapumziko, hata kama haki hizo mara nyingi hazitimizwi. Saada ni mtumwa. Anasimama mbele ya watu wenye silaha akiwa amebeba siri ambayo ingemwangamiza, na pasipo yeye Liyongo hana tupa. Ucheshi wa tukio hauna nguvu yake kamili mpaka mtoto ajue kwamba aliyewashinda walinzi ni mtu aliyehesabiwa kuwa si kitu katika mji ule. Kuuficha utumwa hapa ni kumwibia Saada sehemu yake katika hadithi.

Sasa hapana budi kuingia katika jambo lililo gumu zaidi. Kicheko cha mashujaa kina upande wake mchafu, nao ni kumcheka jirani. Katika utenzi, wageni wanaotishwa na baragumu na mkoba wa Liyongo ni Wagala. Hilo ni jina walilopewa na wengine. Wao hujiita Waoromo, na jina la kupewa huwa ni tusi masikioni mwao. Waorma wa mto Tana, ambao ni jamaa wa Waoromo, wana watoto katika shule zizo hizo zinazotumia vitabu hivyo hivyo. Je, msimulizi amwache mtoto wa Kiorma asome jinsi mababu zake walivyokimbia wakipigwa butwaa, huku darasa zima likimgeukia?

Mtu wa Chepsaita ana njia ya kulielewa swali hili. Wajaluo wana shujaa wao, Luanda Magere, ambaye mwili wake ulikuwa jiwe na silaha hazikumpata. Katika mighani hiyo adui ni Wanandi. Ndio wanaompa shujaa binti yao awe mkewe, na ni binti huyo anayegundua, siku mumewe anapougua, kwamba uhai wa Luanda umo katika kivuli chake. Baadaye kivuli kinachomwa mkuki. Hebu kisa hicho kisimuliwe kwa mzaha mbele ya darasa la Chepsaita, Wanandi wakiwa ni wajinga waliochoma mawe kwa mikuki mpaka mwanamke akawafundisha kazi, na mtoto atajua mara moja jinsi anavyojisikia mtoto wa Kiorma. Si jambo la kinadharia. Uasin Gishu ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumizwa vibaya na machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambayo yaliua watu zaidi ya 1,000 nchini Kenya, na baadhi ya maneno yaliyotangulia mapanga yalikuwa ni mizaha juu ya makabila.

Wengine wangependekeza kwamba wageni waondolewe kabisa katika hadithi. Dawa hiyo ni kali kuliko ugonjwa, kwa kuwa mkoba wa Liyongo hauna maana pasipo mtu wa kuushangaa. Mighani yenyewe ina njia iliyo bora. Waoromo wanapomwona Liyongo hawaishii kutishika, wanamtamani. Wanataka mbegu yake, wanampa mke wa kwao ili wapate mtoto wa namna hiyo. Wamekuja kwa biashara wakaona johari, ilhali sultani wa Pate, ambaye anayo johari hiyo nyumbani, anapanga kuitupa. Msimulizi akilisimulia jambo hilo kikamilifu, mwenye kuchekwa atakuwa ni sultani, na mgeni ndiye atakayekuwa mwenye macho. Jina Waoromo litumike. Butwaa lao liwe fupi, na hamu yao iwe ndefu. Kadhalika mwandishi ajihadhari na njia rahisi iliyozoeshwa na vichekesho vya redio na televisheni, ya kumpa mjinga lafudhi ya kabila fulani. Kinandi hakitenganishi maana ya maneno kwa tofauti ya p na b, wala t na d, na mtoto wa Chepsaita amekwisha kusikia vya kutosha mzaha juu ya jambo hilo. Walinzi wa Pate wazungumze Kiswahili safi. Ulafi wao unatosha.

Limebaki suala la sindano. Liyongo hauawi na jeshi bali na mwanawe mwenyewe, aliyeshawishiwa kwa ahadi za sultani, akapata siri kwamba sindano ya shaba ikichomwa kitovuni ndiyo itakayomwua baba yake. Anamchoma akiwa usingizini. Hapana njia ya kulichekesha tukio hili, na mwandishi anayejaribu atajulikana kuwa hakuielewa hadithi. Wala si halali kulikata, kama wafanyavyo baadhi ya wale wanaodhani kwamba kitabu cha kuchekesha hakina budi kuishia kwenye karamu. Mtoto aliyecheka kwa walinzi na kwa makoma amempenda Liyongo; ni kwa sababu hiyo sindano itamchoma na yeye. Lugha ya mahali hapa iwe fupi na tupu, isiyo na takriri wala kejeli, hata msomaji ahisi kwamba sauti ya msimulizi imebadilika kabla hajaambiwa kwa nini.

Lakini mighani haikuishia hapo, na kinachofuata ni mahali pagumu kuliko pote kwa mwenye kusimulia. Liyongo aliyechomwa anaamka, anachukua upinde na mshale, anakwenda kisimani, anapiga goti, anauvuta upinde, na katika hali hiyo anakufa. Watu wa mji wanamwona amekaa tayari kupiga. Hakuna anayethubutu kuteka maji. Siku zinapita, mji una kiu, na wote wanamwogopa maiti. Hapo kicheko kinarudi, kimegeuka rangi. Msimulizi anaweza kuwaonyesha wakuu wa mji wakisukumana nyuma ya ukuta, kila mmoja akimpa mwenzake heshima ya kutangulia na ndoo. Watoto watacheka, na ni haki yao, kwa kuwa wameonewa shujaa wao na sasa wanalipwa. Kisha mama anaitwa aje ambembeleze mwanawe kwa nyimbo, maana wanadhani bado ana hasira. Anapoanza kuimba, msimulizi aondoe watu wote nyuma ya ukuta. Wabaki wawili kisimani, mmoja anaimba na mmoja hajibu.